Mwanamke Aliyezima Printa

Ukiingia kliniki yetu ya Kamembe asubuhi, ukakuta mabenchi yamejaa watu na printa imezimwa, ulijua Maman yuko kazini. Mahali pengine printa iliyozimwa ni dalili kwamba umeme umekatika. Kwetu ilikuwa kinyume. Ikiwaka, ikianza kuguruma na kutikisa meza, basi kuna mtu mmoja amesimama mbele yake, na karatasi inayotoka ni ya mtu huyo peke yake. Wengine wote walingoja. Waliolalamika waliambiwa wangoje zaidi.

Tulimwita Maman wa Printa. Hakulipenda jina hilo. Alisema yeye ni wa mapokezi, printa ni mzigo aliotwishwa na Kigali. Lakini jina lilishika, hata vijana wa moto, zile pikipiki za abiria, pale stendi walilijua. Ukimwambia mmoja wao akupeleke kliniki, alikuuliza kama unakwenda kwa Dokta au kwa Maman wa Printa, kwa sababu kwa Dokta ulingoja kidogo.

Wapo wanaosema leo kwamba alikuwa mwanamke mkaidi aliyewachelewesha watu. Nimewasikia wakisema hivyo sokoni kwa sauti kubwa. Mimi nimetembea sana. Nimeishi Bujumbura, Uvira, Goma, na Kalemie, na kila mahali nimefanya kazi ndogondogo karibu na mashine za watu wengine. Nimeona mashine nyingi zinazowaka kutwa nzima, na hakuna hata moja niliyoiona ikimheshimu mtu. Kwa hiyo wacha waseme. Na mimi nitasema.

Kliniki ilikuwa tawi dogo la kampuni yenye maabara yake Kigali. Hapa Kamembe damu ilitolewa tu. Kazi yangu ilikuwa kuibeba kwenye kisanduku cha barafu hadi stendi na kumkabidhi dereva wa basi. Damu ya watu wa Kamembe na Nkanka, na ya wafanyabiashara waliovuka kutoka Bukavu, ilipita kona zote za msitu wa Nyungwe ikaenda kupimwa. Ilikwenda kwa barabara, majibu yakarudi kwa waya. Kule Kigali walikuwa na seva moja iliyohudumia matawi yote. Fundi wa maabara akimaliza kupima alibonyeza, na karatasi ikatoka huku kwetu, yenyewe, bila mtu kuiomba. Ndivyo walivyopanga. Waliopanga hawakuuliza printa ya huku imekaa wapi.

Ilikaa juu ya kaunta, kwa sababu waya wa mtandao uliishia hapo. Mbele ya kaunta kulikuwa na benchi. Karatasi ilitoka uso juu, jina la mtu kwa herufi nene, na ugonjwa chini yake. Na watu wetu wanaishi mpakani. Wamezoea kusoma karatasi ya mzigo iliyo mkononi mwa mtu mwingine, hata ikiwa imepinduliwa, ili wajue mwenzao amevusha nini. Benchi la mbele ndilo lililojaa kwanza. Palikuwa na shangazi mmoja wa mtaani aliyekuja kupima presha kila mara, na presha yake haikuwa na tatizo lolote.

Maman alikuwa mfupi, mpana, ushungi umebanwa kwa pini ndogo, miwani ya kusomea imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Juu ya gauni alijifunga kitenge kiunoni, hata akiwa kazini, ingawa kampuni ilimpa koti jeupe. Koti alilivalisha kiti. Chai yake ilikuwa ya tangawizi, na sukari aliificha kwenye droo pamoja na mashine ya kubania karatasi. Aliyeomba sukari alipewa pini.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa na mdomo kuliko redio. Alijua nani amenunua kitenge Bukavu akakirudisha, nani hasalimiani na mama mkwe wake, na kwa nini binti wa fundi cherehani amerudi kwao. Nilipoachana na mwanamke wangu wa Bujumbura, sikumwambia mtu. Nilifika Kamembe na vumbi la safari bado miguuni, naye akaniuliza mbele ya wagonjwa kama yule mwanamke nilimwacha au aliniacha. Halafu akajibu mwenyewe, kwamba bila shaka niliachwa.

Siku moja nilimuuliza anawezaje kubeba habari za mji mzima kwenye ulimi, na habari za karatasi asiziguse. Alinitazama juu ya miwani.

"Ile ingine bantu banaitembeza benyewe," akasema. "Ukivaa kitenge mu barabara nitakitazama, macho ni yangu. Lakini damu banaitosha mu mwili na sindano. Hukuitembeza weye."

Hakuanza hivyo. Mwanzoni aliiacha printa iwake kama Kigali walivyotaka, na akatoka kwenda kuswali adhuhuri, akaswali, akarudi. Adhuhuri moja ilitoka karatasi ya binti wa mtaani aliyekuwa ameposwa. Binti alikuwa amekuja kupima mambo yote kabla ya ndoa, kama wanavyofanya wengi. Karatasi ilisema ana ugonjwa wa ini, ule wa kuambukiza. Ni ugonjwa wenye dawa, na baadaye alitibiwa akapona. Lakini benchi la mbele lilisoma ugonjwa, halikusoma dawa. Kabla ya alasiri upande wa bwana harusi ulikuwa na habari. Binti mwenyewe aliambiwa na fundi wa gauni lake, alipokwenda kulijaribu. Alisimama na pini mabegani, akasikia kwamba posa imevunjika na kwamba anaumwa, vyote kwa mdomo mmoja. Aliondoka akaenda kuishi kwa ndugu zake Bukavu.

Maman hakumlaumu shangazi wa presha, ingawa wote tulijua ni nani aliyesoma. Alisema jicho ni jicho, linatazama kilichowekwa mbele yake. Kesho yake alifika mapema, akaweka kidole kwenye swichi, na printa ikazimwa. Mtandao wa Kigali ukaanza kulundika karatasi zetu kule kule.

Simu ililia. Nilikuwepo, nafungasha kisanduku changu. Aliyepiga alikuwa yule fundi wa maabara, kijana mwenye sauti ya heshima. Akamwambia Maman kwamba printa ya Rusizi, walivyoliita tawi letu kwa jina la wilaya, imezimika.

"Haikuzimika. Nimeizima."

Kijana akauliza kuna tatizo gani.

"Hakuna. Mwenye karatasi hayafika."

Kijana hakuelewa. Akaeleza kwamba seva haimngoji mtu, inatuma. Maman akamwambia basi seva na yeye watafahamiana taratibu. Wakabishana hivyo siku nyingi. Mwishowe kijana akagundua kwamba anaweza kuvuta jina moja kutoka kwenye lundo na kulitanguliza. Ikawa desturi yetu. Mtu anafika, anasema jina lake polepole kwenye sikio la Maman, Maman anapiga simu Kigali, kijana anavuta jina, printa inawashwa, karatasi moja inatoka, printa inazimwa. Karatasi anaikunja kabla wino haujapoa, anaibana kwa pini mbili, anampa mwenyewe mkononi. Baba akija kuchukua ya binti yake mtu mzima, alirudi mikono mitupu. Mume akija kuchukua ya mkewe, vivyo hivyo. Mchungaji mmoja alikuja kuchukua ya muumini wake, akaambiwa Mungu anayo nakala, amuombe huko. Asiyejua kusoma alimpeleka kwenye chumba cha mifagio, akafunga mlango, akamsomea sikioni kwa Kinyarwanda au kwa Kimashi, kisha akatoka naye wanacheka kitu kingine kabisa, ili benchi lisipate hata uso wa kusoma.

Sitaficha kwamba desturi hiyo iliumiza watu. Alikuwepo mama mmoja wa Bukavu, muuza vitenge, aliyekuja mchana akitaka karatasi yake avuke kabla mpaka haujafungwa. Rezo ya simu ilikata, kijana wa Kigali hakupatikana, na karatasi za watu wengi zilikuwa zimetangulia yake. Angeiwasha tu printa zingetoka zote, na ya kwake ndani yake. Maman alikataa. Mpaka ukafungwa. Yule mama alimtukana kwa lugha zote anazouzia vitenge. Maman akamsikiliza mpaka mwisho, akambebea mzigo, akampeleka kwake. Alilala kwa Maman, akala kwa Maman, na asubuhi akagombezwa na Maman kwa kuchelewa kuamka. Tangu siku hiyo kila alipovuka alipita kliniki kumsalimia, na kila mara walianza kwa kutukanana.

Kisha akaja Mkuu kutoka Kigali.

Alifika asubuhi, shati jeupe, uso umechoka kwa kona za Nyungwe. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, hata mimi. Alieleza kwamba kwenye kioo cha kompyuta yake matawi yote ni ya kijani, Rusizi peke yake ni nyekundu, kila siku nyekundu. Akasema mgonjwa anaweza kuzidiwa kwa sababu karatasi yake imefungiwa Kigali. Maman akamjibu kwamba kwa majibu ya haraka Kigali humpigia Dokta simu moja kwa moja, na Dokta yuko chumbani kwake, aulizwe. Dokta, mtu wa kupenda amani, akasukuma mlango wake ukafungika.

"Maman, mashine hii ilinunuliwa ifanye kazi," Mkuu akasema.

"Inafanya. Inafanya kazi kama muntu amefika."

"Na asipofika?"

"Inapumuzika."

Benchi likacheka. Mkuu hakucheka. Alinyoosha mkono juu ya kaunta na kubonyeza swichi mwenyewe.

Printa ikaamka, ikaanza kujisafisha koo kama ilivyokuwa kawaida yake. Pale ukumbini kila mtu alijua kuna karatasi zilizolala Kigali, na wenye karatasi hizo baadhi walikuwa wamekaa hapo hapo, goti kwa goti na majirani zao. Maman alifungua kitenge kiunoni, akakitandika juu ya printa, akakishika pembe mbili kama anayefunika maiti wa mtu anayempenda. Tukasikia karatasi zikidondoka chini ya kitenge, moja juu ya nyingine. Mkuu alimwambia akiondoe, mashine itaungua. Maman hakumtazama. Alilitazama benchi.

"Mumesikia. Chef anasema mashine iko ya kuwaka bantu bote bakiona. Mwenye anataka ya kwake isomwe hapa, asimame."

Hakuna aliyesimama. Printa iliendelea. Mkuu akashika ukingo wa kitenge, taratibu, kama mtu asiyetaka ugomvi, akakivuta kidogo. Hapo yule mama wa Bukavu, muuza vitenge, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na mzigo wake, aliinua miguu akaivusha upande wa pili wa benchi, akakaa ameutazama mlango wa barabarani, mgongo kwa printa. Aliyekuwa kando yake akafanya vivyo hivyo. Akafuata mzee mmoja aliyeteremka kutoka Nkungu, kwa shida, akishikwa mkono. Wa mwisho alikuwa shangazi wa presha. Alisita, nikamwona akisita, kisha naye akageuka.

Mkuu alibaki na migongo mbele yake. Alikiachia kitenge.

Lakini hakushindwa siku hiyo, na mimi sisemi uongo kwa ajili ya kupamba. Aliporudi Kigali alimtuma fundi wa umeme akafunika swichi na plagi kwa kisanduku cha chuma chenye kufuli, printa isizimwe tena. Fundi alipoondoka Maman alikizunguka kile kisanduku, akakigonga kwa kidole, akakisifu kwamba kimetengenezwa vizuri. Halafu akafungua tumbo la printa akatoa karatasi zote.

Simu ikalia tena. Kigali walisema sasa kioo kinaonyesha printa ya Rusizi haina karatasi. Waziweke.

"Ziko," Maman akasema.

Ziko wapi?

"Ziko kwa magoti yangu."

Na kweli zilikuwa magotini. Alikaa nazo hivyo kama mtu aliyepakata mtoto, na mtu akifika aliitia printa karatasi moja tupu, moja tu, kijana wa Kigali akavuta jina moja, printa ikala ile moja ikabaki na njaa. Yule kijana alikuwa hajawahi kumwona Maman kwa macho. Alianza kwa kumwita Madame, akamaliza kwa kumwita Mama.

Mkataba wa Maman ulipoisha hawakumwongezea mwingine. Walisema ni utaratibu wa kawaida. Alikunja kitenge chake, akanywa chai yake ikaisha, akawagawia wote sukari iliyobaki, jambo ambalo lilitutisha kuliko barua yoyote. Hakulia, na aliyelia alifukuzwa atoke nje. Siku chache baadaye na mimi niliacha kile kisanduku cha barafu nikaondoka. Miguu yangu haijawahi kuomba ruhusa, lakini safari ile ilikuwa na sababu.

Siku hizi, nasikia, majibu yanatumwa kwenye simu ya mkononi. Wanaona wamemaliza tatizo. Hawajaingia nyumba ambayo simu ni moja na wanaoishika ni wote.

Maman nilimwona tena mwaka huu, Nkanka, kando ya ziwa, ambako anaishi na dada yake. Sikwenda kumsalimia tu. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefariki kwetu Rwimbogo nikiwa mbali, na nilipofika alikuwa ameshazikwa. Nilichokikuta ni maneno. Mama yangu alisema shemeji, mke wa marehemu, alimpa mume wake sumu. Wajomba walikubali. Walikuwa wanataka shemeji atoke na watoto wake, aache nyumba na shamba. Shemeji hakujitetea. Alitukanwa asubuhi na jioni, naye alilima, akapika, akanyamaza. Kisha jirani mmoja akaniambia kwamba zamani kaka alikuwa anakwenda kupimwa Kamembe, wakati ule niko Uvira. Nikajua niende kwa nani. Neno moja kutoka kwake lingemaliza ugomvi.

Nilimkuta akigeuza samaki wadogo wa sambaza juu ya wavu, amekonda, ushungi umebanwa vilevile.

"Papa Safari," akasema. "Bamekufukuza wapi tena?"

Nilimweleza yote. Aligeuza samaki wakati wote ninaongea. Nikamwambia sihitaji habari nyingi, nahitaji jina la ugonjwa, nimwokoe shemeji.

"Alikuya," akasema. "Kila mara na bibi yake. Karatasi banasoma beye babili, banakunja, banaenda."

"Basi shemeji anajua."

"Ana macho."

Nikamwambia kwamba hilo ndilo linalonishangaza, kwa sababu hasemi lolote, hata pale mama anapomtemea mate mlangoni. Maman akaacha samaki.

"Na unaona ananyamaza juu ya nini? Hana mudomo?"

Nilivuta kigoda nikakaa.

"Pengine bwana yake alimuomba. Bado anamutunzia, na ninyi munamupiga. Sasa weye unakuya kwangu nikufungulie nyuma ya mugongo wake."

Nilikasirika. Nilimwambia kaka amekufa, na aliyekufa haoni aibu, lakini wapo watoto wanaokaribia kulala nje. Nilimwambia kazi ilimwisha siku nyingi, hakuna tena printa wala kampuni ya kulindia siri. Nilipaza sauti mpaka dada yake akachungulia. Maman alingoja nimalize, kama alivyowangoja wote.

"Maiti mulipewa, mukazika bote," akasema. "Ugonjwa ulikuwa wake, na sasa ni wa bibi yake. Kama munataka kumufukuza mwanamuke, hamukosi sababu, hata nikupe karatasi kumi. Na kama hutaki afukuzwe, weye karatasi ni ya nini?"

Alirudi kwenye samaki zake. Nilikaa pale mpaka wavu mzima ukageuzwa. Halafu akanifungia sambaza kwenye jani la mgomba akaniambia niondoke, mvua inakuja, na kijana wa moto wa Rwimbogo hataningoja.

Nilifika Rwimbogo nimelowa. Wajomba walikuwa wamekaa barazani na mama katikati. Shemeji alikuwa upande wa jikoni anachagua maharage. Mama aliniuliza mbele ya wote huko Nkanka nimeambiwa nini. Nikasema niliyemwendea amekataa kusema, na mimi nimeacha kuuliza. Na kwamba kuanzia leo anayemtaja shemeji kwa sumu aanze na mimi, kwa sababu nimemaliza kutembea, nitakaa kwenye nyumba hii pamoja naye na watoto, na anayetaka kututoa aje.

Mjomba mkubwa aliuliza kama nimelewa. Shemeji hakuinua kichwa.

Jioni hiyo mama hakuniita kula. Nilikula kwa shemeji.